Maelezo Kuhusu Ndege Iliyoangukia Bwawani Wathlual

KITUO CHA POLISI, BOR
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nyakim Gatkek Biel
Umri: Miaka 34
Kazi: Muuguzi wa zahanati
Makazi: Wathlual, boma la Kamanda Tut Wal Chany

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ni mjane. Tangu mume wangu afariki, mimi na wanangu wawili tunaishi kwa kaka yake, Kamanda Tut.

Mnamo tarehe 9 Septemba, asubuhi, mdogo wangu Nyabol alikuwa amelala zahanati tangu jana yake kwa uchungu wa uzazi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na mimi sina vifaa vya upasuaji. Nikaita ndege kwa redio. Barabara zote ziko chini ya maji, hakuna njia nyingine.

Ndege ndogo ilitua kabla ya saa sita mchana. Rubani alikuwa Kapteni Zerihun, Mhabeshi, ambaye amekuwa akituletea dawa. Alikagua uwanja kwa miguu, akarudi na tope hadi magotini. Akaniambia, "Dada, mgonjwa na wewe tu. Hata mtu wa tatu sitaki."

Tulimwingiza Nyabol kwa machela, tukamlaza nyuma, nami nikakaa ubavuni pake nimeshika dripu. Injini ilikuwa inanguruma tayari alipofika Kamanda Tut na askari watatu na magunia ya samaki wakavu. Walipanda. Magunia wakayapanga nyuma yetu, hayakufungwa kwa kitu chochote. Kapteni akazima injini.

"Kamanda, haitanyanyuka. Uwanja ni tope tupu."

"Wee Mhabeshi, unanifundisha uwanja wangu? Washa."

Kapteni aliwasha, akasogea kidogo, akazima tena. Akasema, "Nitakufuata kesho, naapa kwa mama yangu. Leo nipishe niokoe huyu mama." Kamanda akatoa bastola, akailaza pajani.

Nilipiga magoti kati ya viti. Nikamwambia, "Shemeji, nakuomba, shusha hata magunia."

Akajibu, "Kama ni uzito, shuka wewe."

Nilisimama nishuke. Nyabol akanikamata nguo. "Usiniache na wanaume hawa." Nikakaa.

Kapteni akawasha tena, ndege ikakimbia muda mrefu mno. Magurudumu yalikuwa yakinata, tope likirukia madirishani. Iliinuka mwishoni kabisa, ikaruka tuta la kuzuia mafuriko, na ndani kukawa na kengele inayolia bila kukoma. Kapteni akapaza sauti, "Shikilieni!" Bawa la kushoto likainama, tukaingia bwawani, kwenye mafunjo.

Nilipozinduka maji yalikuwa kifuani. Magunia yote yalikuwa yamemwangukia Nyabol kuanzia kiunoni kwenda chini. Nilimwinua kichwa. Kamanda, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alikuwa ameshatoka. Nilimwita, "Shemeji! Shemeji!" Nilimwona akipanda tuta. Hakugeuka.

Aliyerudi ni Kapteni. Mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika, unaning'inia, akawa anavuta magunia kwa ule mwingine na kwa meno. Samaki waliloa, magunia yakawa mazito kama mawe. Aliniambia, "Kichwa, dada, mshike kichwa tu." Ndege ilikuwa inazidi kuzama. Nyabol aliniambia, "Mtoto bado anacheza." Baada ya hapo maji yalimpita mdomo. Nilimzibia pua, nikampa pumzi yangu, nikampa tena, mpaka nikaona ninampulizia mtu asiyepokea.

Watu wa kijiji walitutoa kwa mitumbwi. Kapteni walimtoa kwa nguvu, hakutaka kuachia gunia. Askari wawili nao walikufa.

Tarehe 12 nikiwa hospitali hapa Bor, tulikoletwa kwa helikopta ya jeshi, Kamanda alikuja kitandani kwangu. Alisema, "Watakuuliza. Sema rubani alikuwa amelewa, alinuka pombe."

Nikamwambia sikusikia harufu yoyote.

"Utasikia. Wewe unakaa kwenye boma la nani?"

Nimeambiwa Kapteni yuko mahabusu kwa ulevi. Hakulewa. Alizima injini mara mbili, na nilikuwa hatua chache nyuma yake.

Wanangu bado wako Wathlual, ndani ya boma hilo. Naomba wafuatwe kabla shemeji hajajua nilichosema hapa.

Nimesema niliyoyaona, sikufundishwa na mtu, na maelezo yangu yanaishia hapa.

Sahihi: N. Gatkek
Tarehe 15 Septemba

Maelezo ya afisa: Mimi Sajini Achiek Mabior nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Ombi kuhusu watoto nimelipeleka kwa mkuu wa kituo. Kituo hakina helikopta, na Wathlual haifikiki mpaka uwanja ukauke. Ninapoweka sahihi hii, Kamanda Tut yuko mapokezi, anauliza kama shahidi amemaliza.