Kiwiko cha Loai

Hail, Muscat
Jumatano, 14 Mei 2025

Kaka Thabit,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Presha ya Mama imeshuka, ulimi wake bado. Anauliza kama Loai umempeleka chuo cha Amerika asome au arushe mpira. Hata hivyo Jumamosi asubuhi, kwenu ikiwa Ijumaa jioni, sote tutaitazama mechi yake ya mtoano ya besiboli.

Nna swali, na pengine si haki yangu kuuliza: kiwiko cha mwanao kinaendeleaje?

Dada yako, Aliya

California
Alkhamisi, 15 Mei

Dada Aliya,

Wa alaykum salaam. Nibusie mikono ya Mama. Kiwiko kizima, namwona akirusha kila siku. Kesho watu wa klabu kubwa wanakuja kumtazama. Usinianzie hofu zako za kisomi, Bi Mhadhiri.

Kaka yako, Thabit

Muscat
Jumamosi, 17 Mei, saa 1:30 asubuhi

Kaka, salaam. Kipindi cha tisa, cha mwisho, tunaongoza tatu kwa mbili. Mume wangu Jaifar kapanda juu ya kiti. Mama anaipulizia dua skrini: "Mtoe huyo mpigaji mwenye ndevu, mjukuu wangu!"

Lakini kamera imemsogelea Loai. Kila akirusha, anauficha mkono nyuma na kukunja vidole. Wewe uliye jukwaani huwezi kuliona hilo. Mimi niliye ng'ambo ya dunia naona hata anavyouma midomo.

Dada yako

Saa 1:34

Kaka, jibu. Mwezi uliopita Loai aliniapisha nisikwambie: daktari alimkataza kurusha, kano ya kiwiko inaweza kukatika. Nilidhani naheshimu ahadi. Sasa nashuku niliogopa tu asije akaacha kunipenda. Huenda nilikosea kuficha, huenda nakosea kusema. Mwambie kocha amtoe. Picha zinanifikia dakika moja zimechelewa. Ninachokiogopa huenda kimeshatokea.

Dada yako

Saa 1:35 ya kwenu

Nashuka.

Kaka yako

Saa 1:39

Tunakuona kwenye ukuta wa uwanja, unampungia kocha mikono. Watu wanakuzomea. "Thabit huyo," anasema Mama, "na shati halijapigwa pasi!" Kocha kamwendea Loai, naye anatikisa kichwa, anaukumbatia mpira kifuani. Mwachie kocha, mwanangu. Uachie.

Dada yako

California
Jumamosi, 17 Mei, jioni

Dada Aliya,

Salaam, na unisamehe kwa kukaa kimya. Aliyeingia badala yake alishindwa. Tumefungwa nne kwa tatu. Watu wa klabu wameondoka bila kuaga. Daktari anasema kano imeanza kuchanika. Nimemuuliza mara tatu kama mrusho mmoja zaidi ungeikata. Hajui.

Loai kaniuliza nani kanambia. Nimemjibu nimeona kwa macho yangu. Usimwambie vingine.

Kaka yako, Thabit

Hail
Jumatatu, 19 Mei

Kaka Thabit,

Assalaam alaykum. Mama anaendelea vizuri. Anamwombea Loai kila baada ya sala.

Jana Loai aliniandikia: "Shangazi, ahsante. Wewe peke yako ndiye uliyenitunzia siri."

Nilijiambia kwamba uongo wako ni huruma, nami sina haki ya kuuvunja. Hoja ile ilinipendeza mno, ndiyo maana sikuiamini. Nimemwandikia kwamba ni mimi niliyesema.

Aliusoma ujumbe wangu saa nne asubuhi. Sasa wanaadhini alasiri, nami bado nangoja jibu.

Dada yako, Aliya