Merikani na Wanao Wawili

Baba,

Tangu uondoke noti zimebadilika, sasa zina sura ya Malkia wa Uingereza badala ya Mfalme, na barabara yetu ya Nyololo ililetewa greda mara moja, mvua moja ikairudisha ilivyokuwa. Ungeyacheka yote mawili. Lakini sikuandikii kwa ajili ya hayo. Wanao wanagombana, Baba, na mimi, na duka langu hapa Nyololo kati ya Iringa na Mbeya, nimechoka kukaa katikati yao.

Matanga yako yalipokwisha, Hamisi alirudi Mbeya akakishusha kibao chenye jina lako, akapandisha chake. Alisema duka la Mbeya amelijenga yeye kwa jasho lake, na kuanzia sasa si tawi la mtu. Kaka Salehe, unamjua, hakupiga kelele. Alizuia marobota ya nguo tu. Nguo zikifika Iringa zinashushwa ghalani kwake, na hazipandi tena lori la Mbeya. Hamisi amebaki na kanga za mwaka juzi na kofia za watoto.

Nikaikumbuka hadithi yako. Ulikuwa ukikaa kibarazani na jora la merikani magotini, unaipima kwa mkono, unanisimulia ya babu, aliyekuwa akipandisha nguo kutoka pwani mpaka Usangu. Kwamba Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe. Kusini walitaka kujitenga, kaskazini wakawafungia bandari kwa manowari, pamba ikakwama na viwanda vya Uingereza vikakaa bure. Watu wa kusini waliamini Mwingereza, kwa uchu wa pamba, atawatambua kuwa taifa. Hakuwatambua, wala hakuwafukuza. Aliwapokea wajumbe wao, akawasikiliza, akawaaga vizuri, kisha akatafuta pamba Misri na Bara Hindi, huku wafanyabiashara wake wakiuza bunduki pande zote mbili. Unguja merikani, nguo ya pamba yao, ikaadimika. Babu akapanda Usangu na nguo ya Bombay, watu wakawa wanaifikicha kwa vidole na kumwambia hii siyo. Halafu ulikuwa ukimalizia, "Lakini Mwingereza alikuwa na akili, mwanangu. Ugomvi wa watu usiutie mkono."

Nikakutii. Hamisi alileta ujumbe nimnunulie nguo ghalani kwa Kaka Iringa kwa jina langu, nikamnunulia, nikaweka na faida yangu. Kaka akaleta ujumbe kuuliza ni nani anayempelekea Hamisi nguo, nikamjibu kwamba magari yanayopita Nyololo ni mengi. Kusema kweli, biashara yangu haijawahi kunona namna hii. Wote wawili wananiletea zawadi, na wote wawili wananisifu kwamba mimi ndiye mwenye busara katika nyumba yetu.

Kisha ikafika arobaini yako. Kaka akasoma hitma Iringa, Hamisi akasoma yake Mbeya, siku ile ile, na kila mmoja akanialika. Nikafanya kama Mwingereza wako. Nikapeleka gunia la mchele wa Chimala huku na jingine kule, na udhuru mmoja kwa wote, kwamba miguu inaniuma. Umesomewa mara mbili, Baba, na binti yako hakuwepo hata mahali pamoja.

Siku hiyo nilikuwa dukani. Akaingia mama mmoja wa Kihehe na kaka zake wawili. Walifiwa na baba yao asubuhi, wakaja kutafuta merikani ya sanda. Wale wanaume walikuwa wakibishana, huyu anasema yadi hazitoshi, yule anasema zinazidi, mpaka yule mama akachoka. "Nyie nyamazeni," akawaambia, "mnanitia aibu kwa mwenye duka." Mimi nikashika mkasi nikashindwa kukata. Nililia mbele ya wateja, Baba, mimi ambaye hukunilea kulia ovyo. Yule mama akadhani nawalilia wao, akanipa pole.

Ndiyo maana leo nakupinga, na unisamehe, maana huwezi kunijibu. Mwingereza aliweza kukaa pembeni kwa kuwa wale hawakuwa ndugu zake. Walikuwa wateja wake. Mimi nimewageuza ndugu zangu kuwa wateja, na wewe ungeliona hilo ungenichapa na uzee wangu huu.

Ijumaa nafunga duka, naenda Iringa. Nitapita kwanza kaburini kwako, halafu kwa Kaka. Nitampigia magoti kama ulivyonifundisha, kisha nitamwambia amekosea, ayaachie marobota. Nikitoka hapo naenda Mbeya kumwambia Hamisi kwamba kujitegemea si dhambi, ila kulishusha jina la baba yake kabla udongo wa kaburi haujakauka ni utovu wa adabu. Na nguo za kumnunulia kwa kificho hazipo tena. Huenda wote wawili wakanikasirikia. Basi watakuwa wamekubaliana jambo moja.

Nakukosa sana, Baba. Mungu akunurishie kaburi lako na akupe usingizi usio na makelele yetu. Kisomo chako cha mwaka nakuahidi kitakuwa kimoja, na mimi nitakuwepo, hata kama tutasoma tumenuna.

Mwanao,
Zuhura