Ofa Yangu Imemlaza Mteja Wodini

Shangazi Ummy, shikamoo. Naomba unishike mkono, maana jambo hili siwezi kumwambia mtu wa nyumbani, wataniona nimechanganyikiwa kwa sababu biashara inaenda vizuri kuliko miaka yote. Nina mgahawa Kariakoo, niliachiwa na marehemu baba, na tulijulikana kwa samaki wa mchuzi, tunamfuata soko la Feri alfajiri, na ugali na mchicha, lakini vibanda vya chipsi vilipojaa mtaani wateja wakapungua, basi mwaka jana nikakaa nikatunga ofa: kuku robo, chipsi sahani kubwa na soda ya bure, na kila ukiila nakugongea muhuri kwenye kadi, mihuri kumi unakula siku moja bure. Samaki hapati muhuri. Nilifanya makusudi, Shangazi, kwa sababu samaki akilala ni hasara, kuku wa friza hata akilala haharibiki.

Watu walijaa. Sasa kuna Mzee Beno, ana duka la vitenge ng'ambo ya barabara, amekula samaki kwetu tangu enzi za baba, na aliniambia kwa mdomo wake kwamba ana sukari, daktari kamkataza soda na vya kukaanga. Siku ya kwanza ya ofa aliagiza samaki wake kama kawaida, nikamwambia, "Mzee Beno, unaacha vya bure? Soda hii hapa, na muhuri nakuanzishia."

Akacheka. "Haya, leo tu."

Haikuwa leo tu. Kila siku saa tano asubuhi nilimtumia ujumbe kwenye simu, "Mzee wangu, bado mihuri mitatu!" na anakuja.

Mwezi uliopita duka lake halikufunguliwa siku tatu, ya nne akaingia mkewe, Bi Angelina, akaweka kadi sita mezani, tano nimeshazitoboa kwa kumlisha bure, ya sita imebaki muhuri mmoja. "Nimezitoa mfukoni mwake," akasema. "Kidonda cha mguu hakikufunga, jana wamemkata vidole viwili. Wewe si ulikuwa unajua anaumwa?"

Nilikuwa najua.

Kaka yangu Turki anasema wateja ni watu wazima, hakuna aliyelishwa kwa nguvu, na tukiondoa ofa tutafunga. Niliiondoa siku moja, wateja wakanuna, mchana nikairudisha. Nifanyeje?

Fakhriya, Kariakoo

SHANGAZI UMMY ANAJIBU

Marahaba, Fakhriya. Pole, na pole zaidi kwa Mzee Beno. Umesema kweli, nami sitakurembea maneno.

Turki ana nusu ya haki. Beno ni mtu mzima na mdomo ni wake. Lakini mtu mzima huyo aliagiza samaki, wewe ukambadilisha. Ungekuwa hujui anaumwa, ningekuambia ujifunze. Ulijua, ukamtania mpaka akala. Umekosea, usilitafutie jina jingine.

Sasa futa machozi, maana kipaji unacho. Mtu aliyemhamisha mzee kutoka chakula cha miaka yote kwa muhuri wa wino anaweza kuwahamisha wateja wake wote. Walinuna kwa sababu uliwanyang'anya bila kuwapa kitu. Ofa usiiondoe, ihamishe! Kuanzia kesho muhuri ni wa samaki na mchicha, na cha bure ni maji na kachumbari. Chipsi ziwepo, sahani ndogo, na anayezitaka azitaje mwenyewe, wewe usimkumbushe. Samaki nunua wachache. Wakiisha saa nane, vizuri, kesho watu watawahi. Turki mwambie umeamua, na akupe miezi mitatu kabla hajalalamika. Na mteja akikuambia daktari kamkataza kitu, namba yake itoe kwenye ujumbe wako siku hiyo hiyo.

Halafu Bi Angelina. Nenda mwenyewe, mikono mitupu. Usibebe chakula wala bahasha, atadhani unanunua ukimya wake. Mwambie, "Nilijua, na bado nilimshawishi. Nisamehe." Akikufukuza, ondoka, wiki ijayo rudi. Akikukaribisha, kaa usikilize bila kujitetea, kisha muulize nani anamsindikiza mzee kusafishwa kidonda. Akisema hana mtu, mtu ni wewe. Kidonda husafishwa asubuhi, na mgahawa wako haujai kabla ya saa sita. Muda unao.