Kifuniko cha Shafti

Jumanne, 12 Machi 2024
Leo nimeuza trekta. Ya kumi na nne tangu nirudi nyumbani kutoka mji wa Arua. Mtaa wote wa Sherikat hakuna mtu anajua trekta kama mimi, Lomoro — nasikiliza injini tu, najua ugonjwa. Amenunua Teresina, mkubwa wa kikundi cha kina mama wanaolima kule Gudele. Nilifungua kifuniko cha shafti ya nyuma, ile inayozungusha mashine za shamba, aone inavyozunguka. Desturi yangu. Kitu kimefunikwa, watu wa hapa wanasema umeficha ubovu.

Majok, afisa wa leseni, akaleta karatasi, sheria inataka muuzaji asaini. Ya Kingereza. "Mzee, nikusomee?" Nikamwambia nilisoma kabla hajazaliwa. Uongo. Kiswahili naandika pole pole, Kingereza najua namba tu. Nikasaini, tena kwa mapambo.

Jumamosi, 16 Machi
Laku, dereva wa kina mama — shafti imeshika shati lake. Kiganja cha kulia kimekwenda. Sokoni nimesema alikuwa amekunywa.
Kifuniko kiko hapa karakana. Sikurudisha.

Jumapili, 17 Machi
Teresina alinifuata nje ya kanisa.
"Baba, unasema Laku alikunywa. Ulimwona?"
Nikasema nilisikia.
"Basi nitawaambia kina mama tumtoe kazini. Neno la mtu mzima hatulipimi."
Chakula kimenishinda. Mke wangu Caroline akacheka: "Leo fundi mkuu hana mafuta?" Nikampa nakala ya ile karatasi, anisomee. Miaka arobaini sijamwomba mtu hivyo. Akasoma, akageuza kwa Kiswahili. Muuzaji amehakikisha vifuniko vyote viko mahali pake. Muuzaji amemweleza mnunuzi hatari ya shafti. Chini, jina langu na mapambo yake.
Caroline akakunja karatasi. Halafu akauliza, kile kifuniko cha karakana ni cha trekta gani.

Ijumaa, 22 Machi
Teresina bado sijamwambia.

Jumatatu, 25 Machi
Gudele. Mkutano wa kina mama, kuamua habari ya Laku. Naandika juu ya goti, wanafikiri napanga hotuba. Mke wa Laku amenipa kiti chenye mgongo, yeye amekaa chini.
Majok ameinama sikioni: "Mzee, ukisema pombe, nafunga faili. Ikiwa kifuniko hakikuwepo, leseni yako imekwisha, na karakana nafunga."
Mimi bila karakana ni nani? Mzee wa kuota jua.
Laku mwenyewe amekuja. Mkono bandeji mpaka kiwiko. Amenisalimia kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutoa wa kushoto. Halafu akasema, "Baba, nisamehe. Nimeichafulia trekta yako jina."
Nikasema hakuna neno. Hakuna neno! Mdomo huu.
Teresina anaomba, macho yote yamefungwa. Ni mimi naanza kusema, kwa sababu ni mimi mkubwa kwa umri.
Wamesema amina. Wananitazama. Laku pia, ananiitikia kwa kichwa kunipa moyo.