Tembo Aliyeufuata Mwenge

KITUO CHA POLISI, DELHI MPYA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Velayudhan Chathu
Umri: Miaka 53
Kazi: Mchunga tembo
Makazi: Wilaya ya Thrissur, Kerala, kwa sasa kambi ya tembo nyuma ya uwanja mpya

Naeleza kwa hiari yangu. Nimechunga tembo tangu sijaota ndevu, na Kerala nzima hakuna tembo asiyenitambua kwa kikohozi. Niliwahi kumvusha mmoja mto uliofurika huku nimelala usingizi mgongoni mwake. Afisa ameniambia nieleze ya leo tu.

Mnamo tarehe 12 Novemba 1982, yapata saa tatu asubuhi, nilikuwa nje ya lango la uwanja na mpwa wangu Shivankutti, mtoto wa dada yangu. Yeye ndiye anayemshika tembo wetu, aitwaye Vasudevan. Tumeletwa kwa treni, watu na tembo, kwa gwaride la kufungua Michezo ya Asia, na tulikuwa mazoezini. Shivankutti alikuwa ameshuka, anakaza kamba ya kengele.

Mkimbiaji mmoja, mwanafunzi wa chuo, akatupita na mwenge unaowaka. Naye alikuwa mazoezini. Vasudevan akatoka kwenye mstari akamfuata. Hakupiga kelele. Kijana akageuka, akaona kilichoko nyuma yake, akaongeza mbio. Vasudevan naye akaongeza. Mimi niliwafuata kwa kasi ambayo, ningekuwa kijana, ningeiwakilisha India kwenye mbio.

Kijana akapaza sauti, "Mzee, mwambie sijachukua kitu chake."

"Zima huo moto," nikamwambia.

"Hauzimwi. Nimeonywa."

"Basi simama. Ukisimama atasimama."

Aliniamini, sijui kwa nini. Akasimama, mwenge juu, macho kayafumba. Vasudevan akasimama nyuma yake, anapunga masikio. Lakini njiani alishakanyaga pikipiki ya polisi, ikawa kama chapati. Hakuna mtu aliyeumia.

Askari wakamkamata Shivankutti, wakidai amelewa. Shivankutti hanywi. Katika ukoo wetu kazi hiyo nimeachiwa mimi, na leo sijaonja. Wakasema atarudishwa kwetu Kerala na Vasudevan ataondolewa kwenye gwaride. Dada yangu ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe atapita mbele ya Asia nzima.

Nikamweleza afisa kwamba kwetu, sikukuu ya hekalu, tembo aliyebeba sanamu ya mungu hutembea nyuma ya mienge. Ikienda anakwenda, ikisimama anasimama. Vasudevan amelelewa hivyo. Hakuasi. Alidhani kazi imeanza.

Afisa akanijibu, "Mjomba, tangu asubuhi umenipa hadithi kumi. Hii ndiyo niiamini?"

"Zile kumi ziache," nikasema. "Leta moto."

Wakafunga kitambaa kwenye fimbo, wakakichovya mafuta. Afisa mwenyewe akaishika, akatembea katika ua wa kituo, ambako Vasudevan alikuwa ameletwa. Vasudevan akamfuata. Afisa akasimama, Vasudevan akasimama. Nikamwambia imetosha. Akazunguka ua tena, kifua mbele, halafu tena.

Hivyo ndivyo nilivyoona kwa macho yangu, na safari hii sijatia chumvi.

Sahihi: VELAYUDHAN

Maelezo ya afisa: Shahidi amezungumza Kimalayalam kupitia konstebo anayekijua. Amesomewa, amekubali kuwa ni sahihi. Jambo la tembo nimelijaribu mwenyewe na ni kweli. Ya pikipiki nitayajibu mimi. Mtuhumiwa aachiwe leo. Napendekeza siku ya ufunguzi tembo huyu apangwe nyuma ya mwenge, na ashikwe na Shivankutti.

Mkaguzi Msaidizi Trilok Chand