Nakhumicha, Uliyenenepa Tukashangilia

Mwaka unatimia Jumamosi hii, Nakhumicha binti yetu, tangu ulale katika wadi ya watoto pale mjini usiamke tena. Ulikuwa na miaka minane. Ninayeandika ni mimi mama yako, na anayesoma pembeni naye asikie, hasa kama ni mama.

Tunakumbuka bahasha. Baba yako ni tarishi katika ofisi moja mjini, na kila jioni alikuletea bahasha kuukuu zilizokwisha kazi. Ulizifungua kwa kisu pande zote, taratibu, ukachora kuku kwa ndani. Kuku tu. Kaka yako Nashon alipokuuliza mbona hawana miguu, ulimjibu, "Wamelalia mayai, kwani huoni?"

Tena uongo hukuujua. Hata ukivunja kikombe ulikuja na vipande mkononi.

Kisha yakaja yale maumivu ya viungo. Leo goti, kesho kifundo, na homa juu yake, mpaka tukawa tunakubeba kwenda chooni. Ulibaki mifupa. Daktari alisema ugonjwa umegusa moyo, akatoa vidonge vidogo vyeupe vya kotisoni. Alisema mengi kwa Kiingereza, na dresa, msaidizi wake anayefunga vidonda, akatugeuzia kwa Kiswahili: "Atakula sana. Atanenepa. Msiogope. Na vidonge msiache mpaka daktari aseme."

Katika hayo yote mimi nilishika neno moja, atanenepa. Mtoto amebaki mifupa, unaambiwa atanenepa. Ningesikia nini kingine? Nilidhani tunaahidiwa kupona, kumbe tulikuwa tunaonywa.

Na kweli ulinenepa. Uliamka alfajiri unauliza ugali. Mashavu yakawa mviringo, tumbo likatangulia, vinywele laini vikaota usoni. Jirani yetu Peres alipiga makofi mlangoni: "Mama Nakhumicha, huyu unamlisha nini? Hata ndevu anaota kama mwalimu wa Sande Skul!" Tulicheka sote. Wewe hukucheka. Uliniuliza, "Mama, mimi ni mnono ama ni mgonjwa?"

Nikakujibu, "Mnono, mwanangu."

Jumapili hiyo nilitoa kuku wa shukrani kanisani. Jumatatu nikapandisha mkebe wa vidonge juu ya kabati, nikijiambia dawa ni ya mgonjwa. Daktari sikumwuliza. Hata baba yako sikumwambia.

Siku ya nne ulikataa ugali. Ya tano ulitapika, jasho baridi likakutoka, mwili ukalegea kama nguo iliyolowa. Gurdeep mwenye lori la mbao alitupeleka mjini bila kuombwa mara mbili.

Kabla ya lingine lolote daktari aliuliza, "Vidonge alimeza lini mara ya mwisho?" Niliogopa. Nikasema, "Jana."

Ukafumbua macho. "Si jana, Mama. Ni Jumapili."

Daktari alimwita sista kwa sauti, sindano ikaletwa mbio. Haikukuwahi. Baadaye alinieleza kwamba mwili ukishapewa dawa hii wiki nyingi huitegemea, huacha kujitengenezea yake, kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, haiachwi ghafla. Hayo aliyasema wewe ukiwa umeshafunikwa.

Hofu haijaniacha tangu hapo. Mwezi uliopita nilikwenda Waithaka kununua mahindi, nikaona mashavu yako kwa mtoto mwingine, mgongoni mwa mama yake. Nikamwuliza yule mama, jina lake Nyakio, "Huyu anameza vidonge vyeupe?"

"Alikuwa anameza. Si unaona alivyonenepa? Leo sijampa."

"Leo tu?"

"Leo tu. Kwani kuna nini?"

Mahindi niliyaacha palepale. Nilimshika mkono hadi nyumbani kwake, mtoto akameza mbele yangu, na kesho yake tukaenda wote kwa daktari. Sasa kila jioni napita mlangoni kwake kuuliza kama amempa. Juzi aliniambia, "Wewe mama, umeandikwa kazi ya polisi?" Nikamwambia, "Mpe nione, halafu nitukane." Daktari ameanza kumpunguzia, amefika nusu kidonge. Moyo wangu hautatulia mpaka daktari mwenyewe aseme basi.

Mama unayesoma, mtoto akinenepa kwa vidonge hivyo, usidhani amepona. Usishangilie kama mimi. Usikasirikie dawa pia, kwa maana ina kazi yake. Ukiwa na wasiwasi rudi ukaulize, na vidonge mtoto aendelee kupewa wakati unauliza. Na ukiulizwa wewe, sema kweli, kama alivyosema Nakhumicha.

Bahasha bado zinakuja, binti yetu. Baba yako hajui kurudi nyumbani bila bahasha. Nashon anazifungua kwa kisu, taratibu, anazipanga pale ulipokuwa ukikaa. Hachori kitu.

Unakumbukwa na baba yako Shem, mama yako Namalwa, kaka yako Nashon, bibi yako aliyekupa jina lake, na Peres jirani yetu, ambaye tangu siku ile hamsifu mtoto wa mtu kwa unene. Sote wa Riruta.

Dawa niliiacha ghafla. Kukukumbuka wewe hatutaacha, si ghafla, wala kidogo kidogo.