Picha Hazijakauka Bado

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi juu yake. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua ninapochuchumaa kuwapiga picha watoto wanaobeba maua. Najua umeshaguna kwamba simu ipo, barua ya nini. Vumilia, utajua.

Kamera uliyonitumia ilifika salama. Ni nyepesi, haili filamu, na picha inaonekana mgongoni papo hapo. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwenye arusi ya kwanza kidole gumba changu kilikuwa kikitafuta kile kijiti cha kusogeza filamu, kinapapasa hewa. Kisha shangazi wa bibi arusi akadai kuiona picha yake, akasema tumbo limetoka, nifute. Nikafuta. Akarudi tena, mara shingo, mara jicho limefumba. Na zile flashi tupu, mwanga bila picha, tulizokuwa tukiwapiga wajomba wasumbufu ili kuokoa filamu ndiyo basi tena. Siku hizi kila mtu anataka ushahidi. Nilicheka, dada, nisikufiche.

Ila duka limenyamaza. Unakumbuka enzi za filamu, watu walikuja wenyewe kuchukua picha, wakakaa kwenye benchi, wifi yako akawamiminia chai, bahasha ikafunguliwa na vicheko vikaanza. Wengine walirudi kuagiza nakala ya bibi, kisha ya jirani. Sasa natuma picha kwenye simu, wananijibu kwa kile kidole gumba cha kuchora, basi. Tangu wifi yako atutoke, hapa ni mimi na redio. Kuna siku sauti yangu naisikia kwa mara ya kwanza jioni, nikimjibu mtangazaji. Upweke unauma, dada. Sikujua unauma hivi.

Sasa nikwambie ninachofanya, na usinigombeze. Nawadanganya wateja. Picha huwa tayari siku ile ile, lakini nawaambia bado zinasafishwa, waje wiki ijayo. Nazichapa kwenye mashine, zinatoka kavu kama biskuti, kisha nazining'iniza kwenye kamba ya wifi yako kwa vibanio vyake, ili wakija wazione zinakauka. Wengi huja wamenuna. Wengine wamenihama kabisa, wamekwenda kwa yule kijana wa kona anayetuma picha kabla keki haijakatwa. Nikiendelea hivi nitafunga duka, nalijua hilo, na bado naendelea.

Juzi alikuja bibi arusi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na mumewe. Nikawaambia nusu ya picha bado mbichi. Yule binti akanyanyuka akaenda kwenye kamba, akaigusa moja kwa kidole, akaipindua. Akanitazama, akavitazama vikombe nilivyokuwa nimevipanga tangu asubuhi. Nikangoja anitolee uvivu mbele ya mume wake. Akarudi kwenye benchi, akamwambia mumewe asogee, akaomba chai. Walikaa mpaka birika likaisha, wakazipitia zile picha moja moja, wakabishana nani alilia kwanza. Walipofika mlangoni akageuka.

"Fundi, zile zilizobaki zitakauka lini?"

Nikasema Jumamosi. Akasema watakuja, na atamleta mama yake.

Kwa hiyo nina wageni, dada. Nimeshanunua sukari, na benchi nimelipigilia mguu uliokuwa ukicheza. Baada ya Jumamosi sijui nitawaambia nini ili warudi, maana picha zao zote zitakuwa zimekwisha.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Wewe usinijibu kwa simu, tafadhali. Andika, utie posta, ichelewe njiani, nami niwe na kitu cha kusubiri.

Ni mimi mdogo wako mbishi,
Jicho